Kesi ya ramani imo ndani ya simu ya mdaiwa

Nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinaota Same mjini kama zinavyoota Arusha na Dar es Salaam, na ramani zake husafiri kwa WhatsApp. Aliyeko Dar anamtumia fundi wa nyumbani picha ya mchoro, fundi anapunguza chumba kimoja, anageuza baraza, msingi unachimbwa. Mchoro huo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za usanifu majengo pamoja na michoro yake, na ulinzi huo hausubiri usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mbunifu akiiona kazi yake imesimama Hedaru anaweza kufungua madai. Tabu ni ushahidi. Nyumba ameiona kwa macho, lakini safari ya mchoro mpaka kumfikia fundi imebaki kwenye simu na kompyuta za mdaiwa.

Dawa ipo siku nyingi. Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mhusika kuiomba mahakama imwamuru mwenzake ataje, kwa hati ya kiapo, nyaraka zote alizonazo au alizowahi kuwa nazo kuhusu jambo linalobishaniwa, kisha zikaguliwe. Anayekaidi, akiwa mdai, shauri lake laweza kufutwa. Akiwa mdaiwa, utetezi wake waweza kuondolewa. Katika kesi za ramani amri hiyo inafaa itolewe mapema, kabla shahidi wa kwanza hajasimama, kwa sababu faili la mchoro husema mengi kuliko ukuta. Ukuta umepigwa lipu na kupakwa rangi. Faili lina tarehe ya kutengenezwa, majina ya tabaka za mchoro, na makosa: kipimo cha dirisha kisicholingana na jumla ya ukuta, au neno lililokosewa herufi kwenye maelezo ya choo. Watu wawili wanaweza kubuni sebule moja kila mmoja kivyake. Kukosea herufi ileile mahali palepale ni jambo jingine. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imekwisha kuufungulia mlango ushahidi wa namna hii, mradi ionekane kwamba ulivyotengenezwa na kutunzwa unaaminika.

Wapo watakaosema vyumba vitatu, sebule na jiko havina mwenyewe. Kweli kabisa, na ndiyo maana nyaraka zinahitajika: fundi aliyechora mwenyewe ana rasimu zake, na rasimu hizo zitamsafisha haraka kuliko mashahidi kumi. Hoja nzito zaidi ni ya uonevu. Nchini Marekani kampuni ya Design Basics ilifungua kesi nyingi mno juu ya ramani za nyumba za kawaida, hata mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, katika shauri lake dhidi ya Lexington Homes, ikaikatalia na kuikemea biashara hiyo ya kushtaki. Fundi wa Makanya asiye na wakili anaweza kulipa tu ili apumzike. Lakini Amri ya XI yenyewe inamruhusu hakimu kukataa ombi lisilo la lazima kwa haki au kwa kupunguza gharama. Mdai aanze kuweka mezani faili lake la asili na kuonyesha alama anazodai zimenakiliwa. Hapo ndipo mdaiwa aagizwe kutoa mchoro huo na mazungumzo yanayouhusu tu. Simu yenyewe abaki nayo, na habari za ndoa na madeni yake zisimhusu mtu.

Tena kuna karatasi ambazo mdaiwa hawezi kuzifuta hata akitaka. Aliyeomba kibali cha ujenzi alipeleka michoro halmashauri. Halmashauri si mdaiwa, lakini mtunza kumbukumbu wake anaweza kupewa hati ya wito alete jalada, nalo likafunguliwa mbele ya pande zote mbili: mchoro uliogongwa mhuri, jina la aliyeuchora, na tarehe ulipopokelewa.