Safari kwa Mwendo wa Watoto



Mwezi huu ninajibu swali la baba mmoja mchimbaji. Bibi yake na watoto watano wanakaa hapa Goma. Nyanya ya watoto anakaa upande wa Lubero, na wale wawili wadogo hawajamwona hata siku moja. Baba huyu amepata franka kidogo, na vakansi kubwa inakaribia. Anauliza hivi: «Mchungaji, nitume franka kwa shofere mmoja ninayemjua, awapandishe mama na watoto kwenye kamio yake, mimi nibaki kwenye shimo? Ao niache kazi siku kumi na tano niende nao? Wenzangu wananicheka. Wanasema kutembeza familia ni mambo ya wazungu.»

Hilo la wazungu nilijibu kwanza. Yakobo hakuwa mzungu. Alipotoka kwa Labani alikuwa njiani na wake zake, vijana kumi na mmoja, binti mmoja, watumishi na mifugo. Ndugu yake Esau akaja na watu mia nne, akataka watembee pamoja, haraka, kama wanaume. Yakobo akakataa kwa adabu. Akaeleza kwamba watoto bado ni wateke, na wanyama wananyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Yeye atakuja polepole, kwa mwendo wao. Someni wenyewe Mwanzo 33. Ni kweli kwamba Yakobo alikuwa na sababu nyingine za kutotembea karibu sana na Esau! Lakini neno lake juu ya watoto linabaki neno zuri, na mimi nalipenda kuliko mahubiri mengi juu ya ndoa.

Sasa tuongee barabara yenyewe, kwa maana wengi wanaihesabu kwa saa tu. Kutoka Goma mpaka Butembo ni karibu kilomita 300. Mimi niliipita na mama wa watoto na watoto wetu mwezi wa nane 2019, ndani ya bisi ndogo. Ulikuwa wakati wa Ebola. Kwenye barieri zote mlishuka, mkanawa mikono kwa maji ya dawa, mkapimwa joto kwenye paji la uso, mkapanda tena. Watu wakubwa walinung'unika. Watoto waliona ni mchezo, wakashindana nani atanawa wa kwanza.

Mkitoka mjini alfajiri mnakutana na chukudu zinashuka na makala, kabichi na viazi. Halafu ni Kibati, na mawe meusi ya Nyiragongo pande zote. Mtoto atauliza haya mawe yametoka wapi. Umwambie. Umwambie tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ulishuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Na tangu safari yetu mlima umetapika tena, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Moto ukakata barabara hii na kuunguza nyumba nyingi upande wa kaskazini wa mji. Mkifika Kibumba, umwonyeshe mahali palipokaa kambi kubwa sana ya wakimbizi mwaka 1994. Watoto wetu wanaimba majina ya mito ya Ulaya shuleni, lakini hawajui hadithi ya kilomita 30 za kwanza kutoka mlangoni kwao.

Ndani ya bisi yetu kulikuwa baba mmoja aliyetoka karieri ya Walikale. Alikuwa amekaa huko miezi kumi na moja. Kijana wake wa miaka saba hakutaka kukaa karibu naye. Nilimsikia akimwuliza mama yake kwa sauti ndogo, «Mama, ule papa naye anaenda na sisi mpaka mwisho?» Yule ndugu alisikia pia. Aligeuza uso dirishani, akaangalia migomba ya Rugari kama mtu anayeihesabu.

Kiwanja tulingoja saa nyingi ili magari yakusanyike, maana wakati ule ilikuwa lazima kupita parke kwa msafara wenye askari. Kule mbele kulikuwa na watu waliokamata abiria na kudai franka kwa familia. Kuna waamini wanaosema kwamba kungoja askari ni upungufu wa imani. Wengine wanasema askari ndio wanaoleta risasi. Mimi nasoma kwamba Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari, basi akafunga na kuomba juu ya njia yao na ya watoto wao wadogo. Nehemia alikwenda na wapanda farasi wa mfalme. Wote wawili walifika Yerusalemu. Kwa hiyo tusihukumiane kwenye barieri.

Baada ya Mabenga mnaingia bonde. Hapo ndipo gari lote lilinyamaza. Mtoto aliyezaliwa Goma amezoea milima iliyomfunga kila upande. Ghafula nchi inafunguka, majani tu mpaka mwisho wa macho. Hiyo ndiyo parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Zamani, miaka ya 1970, viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika mito na ziwa la hapo. Vita na njaa ya nyama ikawamaliza mpaka wakabaki kidogo sana. Sisi siku ile tuliona nyani, swala na nyati wachache. Tembo hatukuona, na binti yangu alikasirika na mimi kana kwamba nimewaficha. Mwaka uliofuata, 2020, tembo karibu 580 walivuka kutoka Uganda wakaingia bonde hili. Nilipomwambia alijibu, «Papa, walitungoja tupite!»

Rwindi ile hoteli ya zamani ilikuwa imekufa. Kutoka hapo gari linaanza kupanda Kabasha. Ni ukuta wa mlima, na barabara inazunguka-zunguka juu yake, na nyuma yenu bonde linakuwa dogo. Injini ililia, tukashuka wote kwenye kona moja ili shofere apoze maji. Na pale, ukingoni mwa barabara, kulikuwa na udongo uliokatwa, wenye mistari ya jiwe jeupe.

Yule mchimbaji aliinama, akachukua kipande, akakigeuza juani. Ndani yake mika iling'aa. Kijana wake akasogea hatua moja. Baba hakumwita. Alisema tu, kama anaongea na jiwe, «Wewe, kwetu kazini tunakufuata mpaka chini ya ardhi, maana mahali ulipo, wakati mwingine na mali iko.» Kijana akauliza, «Chini namna gani?» Basi ikaanza. Akamweleza nyundo na burini, taa ya kichwani, namna wanavyosikiliza mwamba kabla ya kupiga, namna hewa inavyopungua. Akamweleza kwamba hapa nchi imepasuka tangu zamani, bonde likashuka na ukuta ukabaki juu, na kwamba mpasuko huo ndio huo unaotupa Nyiragongo. Mimi niliyesoma shule ya Biblia sikuwa na elimu ile. Tulipopanda tena, kijana aliomba kukaa upande wa dirisha, juu ya magoti ya baba yake.

Tulilala Kanyabayonga, kwa wandugu wa kanisa. Shofere alitaka kuendelea usiku, abiria wenye watoto tukakataa. Kesho yake baridi ya Alimbongo ilituuma, na watoto walivikwa kila kitu kilichokuwa ndani ya mifuko. Lakini kijana yule alikuwa anaonyesha kila jiwe jeupe njiani na kusema, «Papa, na lile?» Alisema «papa», si «ule papa». Barua na franka za miezi kumi na moja hazikufanya kazi hiyo. Kona moja ya Kabasha iliifanya, kwa sababu baba alikuwapo.

Ndugu yangu uliyeuliza, ndiyo maana nasema: usiwatume kama magunia. Hata kama shofere ni mtu mwema, mawazo yake yako kwenye mzigo na saa. Na kamio yenyewe uiangalie vizuri. Mama na watoto wanawekwa juu kabisa, juu ya maharage, wakishika kamba. Matawi yanapiga, mvua inanyesha, na mtoto akisinzia hakuna mkono unaomshika. Ukikosa nafasi ndani ya gari lenye viti, ungoja wiki nyingine. Kule ziwani pia tuliona mambo hayo. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wakiona bandari kwa macho. Wengi walipanda boti kwa sababu vita ilikuwa imekata barabara.

Na neno hilo la vita siwezi kulipita. Safari niliyoisimulia ni ya 2019. Mwezi wa kumi 2022 Rutshuru na Kiwanja zilianguka mikononi mwa M23, na njia hiyo ikakatika kwa familia nyingi. Mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga nayo ikaanguka, na mwezi wa kwanza 2025 Goma yenyewe. Watu wa nyumba moja walijikuta pande mbili. Wengine walizunguka kupitia Uganda wakaingia tena kwa Kasindi, ili tu wazike mzazi. Kwa hiyo mimi sikwambii, «Panda kesho.» Uliza waliopita wiki hii, si mwezi uliopita. Uliza mashofere wawili wasiojuana. Pigia simu wachungaji wa kila kituo. Wakikuambia hapana, iwe hapana, na usione haya mbele ya wenzako.

Kwa kuwa walitaja wazungu, niwaambie na hili. Huko Australia, katikati ya nchi, kuna ukavu mkubwa sana. Barabara moja kutoka Port Augusta hadi Darwin inapita kilomita 2,700. Familia zinaipita na watoto, na hatari yao kubwa ni kiu na joto. Basi wana desturi tatu: kubeba maji mengi kuliko yanayohitajika, kumwambia mtu siku mtakayofika, na gari likikufa, msiliache kutembea kutafuta msaada, maana gari huonekana mbali kuliko mtu. Nao wana wachimbaji. Mahali panapoitwa Coober Pedy wanachimba mawe ya opali tangu 1915, na joto limewafanya wakae ndani ya ardhi, hata makanisa wamechimba. Mchungaji mmoja Mpresbiteri, John Flynn, aliona wachunga ng'ombe na wachimbaji wa nchi ile wanakufa kwa kuwa mbali na munganga. Mwaka 1928 kazi yake ikazaa ndege ya kwanza ya munganga, iliyoanzia Cloncurry, mji wa shaba. Sisi hatuna ndege hiyo. Lakini kumwambia mtu siku mtakayofika, hiyo haiombi franka. Andika majina ya wote waliopanda, acha karatasi moja kwa mzee wa kanisa mnapotoka, na nyanya ajue siku.

Hesabu watoto kila mkishuka na kila mkipanda. Yosefu na Maria walikuwa wazazi wazuri, nao walitembea siku nzima wakidhani Yesu yuko kati ya jamaa. Wakamtafuta, na siku ya tatu ndipo walimwona hekaluni. Mtoto mdogo umwandikie jina lake na namba ya simu kwenye kitambaa, mama amshonee ndani ya shati. Beba bidoni ya maji, ndizi mbivu, mikate, nguo za baridi za Alimbongo, na mfuko kwa ajili ya yule atakayetapika, maana mmoja lazima atatapika.

Kuhusu shimo: ongea na PDG wako kabla, mbele ya wenzako wa kundi, mkubaliane ni nani atashika nafasi yako na mtagawana namna gani siku hizo kumi na tano. Usiondoke kwa siri. Na kama njia haijafunguka vakansi hii, hizo siku kumi na tano uje uzikae hapa Goma. Wachukue watoto kwa miguu mpaka kwenye mawe ya 2021, uwaeleze unachokijua, kisha mpigie nyanya simu mkiwa pale pale, kila mtoto aongee naye. Franka ya safari iwekwe, isinywewe.

Mama mmoja wa Kamituga ameandika kuhusu mume aliyeoa mwingine kwenye karieri, na anauliza kama aende huko kumwona ao abaki. Tutalijibu mwezi ujao, Mungu akitujalia.