Merikebu za Angani Zisidharauliwe Darasani

Muhula uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi wangu daftari. Nilikuwa nikifundisha ujazo wa mcheduara, naye, kule nyuma ya darasa, alikuwa akichora chombo cha kusafiria baina ya nyota, cha aina ile ionekanayo katika filamu za bunilizi za kisayansi. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hizo ni ndoto za Alinacha, nikalitia daftari kabatini. Leo ninakiri kwamba nilikosea, na ninawasihi walimu wenzangu wasilirudie kosa langu.

Kilichonizindua ni mazungumzo niliyoyasikia jioni moja hapa Magongo. Kando ya barabara, vijana wanne, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa wamekizunguka kipakatalishi kikuukuu. Katika kiwambo chake kilielea chombo kile kile cha daftarini, sasa kikiwa kielelezo cha kidijitali kinachoweza kugeuzwa na kutazamwa kutoka kila upande. Kila ndege ilipopita ikienda kutua katika uwanja wa Moi, mazungumzo yalikatika, kisha yakaendelea pale pale yalipoachiwa. Binti mmoja aliuliza: "Mitambo hii ikitoa joto, litatokea wapi, ilhali huko hakuna hewa ya kulichukua?" Mwenye chombo alinyamaza kitambo, akakiri kwamba hakuwa amelifikiria jambo hilo. Mwingine alitaka kujua kwa nini dirisha limekuwa kubwa kuliko mlango. Sikusikia porojo hata kidogo. Nilisikia fizikia na hisabati zikijadiliwa na watoto ambao darasani huwa nawabembeleza wafumbue vinywa.

Swali la yule binti si la mchezo. Mahali pasipo na hewa, joto huondoka kwa njia ya mnururisho tu, kwa hiyo chombo chenye mitambo mikubwa huhitaji mapana makubwa ya kupozea. Waliobuni chombo cha Discovery katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968, walilijua hilo. Hata hivyo waliyaacha mapana hayo, wakihofia kwamba watazamaji wangeyadhania kuwa mabawa ya kurukia. Mtoto wa Magongo aliliona pengo hilo kwa akili yake mwenyewe, bila mwalimu.

Zamani kazi hii ilihitaji karakana. Kielelezo cha merikebu ya Enterprise, kilichotumiwa katika mfululizo wa Star Trek ulioanza mwaka 1966, kilikuwa na urefu wa takriban mita 3.4, na sehemu kubwa yake ilikuwa mbao. Upande wake wa kushoto haukukamilishwa, kwa kuwa nyaya za taa zilipitia huko, na kamera ikawa yaelekezwa upande wa kulia. Kufikia mwaka 1993, mfululizo wa Babylon 5 ulikuwa ukionyesha vyombo vilivyoundwa ndani ya kompyuta. Programu ya Blender, ya kuundia vielelezo vya namna hiyo, iliachiliwa itumiwe na watu wote bila malipo mwaka 2002, baada ya wapenzi wake kuchanga euro 100,000. Kwa hivyo kilichobaki kuwa kizuizi ni kompyuta yenyewe, na idhini ya mwalimu.

Wala sanaa hii si ngeni kwetu. Hapa Changamwe wamo wachonga vinyago wa Kikamba, na kila mkazi wa Magongo amewahi kusikia mlio wa tezo zao. Mchongaji humwona twiga ndani ya gogo kabla ya kuligusa; hujua shingo itaanzia wapi na uzito utakalia mguu upi. Kijana aliye mbele ya kompyuta hufanya kazi iyo hiyo ya akili.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika safari za angani, za kweli na za kubuniwa, sisi tumekuwa tukichangia majina zaidi ya mikono. Afisa wa mawasiliano wa Enterprise aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Bahari ilikuwa yetu na jina letu, lakini chombo kilikuwa cha Wamarekani na warushaji walikuwa Waitaliano. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya na kukamilishwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ilipanda angani kwa roketi ya Marekani.

Najua wazazi watauliza: je, merikebu isiyokuwapo italipa karo? Swali hilo ni la haki. Isitoshe, wapo vijana wanaokesha wakitazama filamu na kunakili kazi za wengine, wasijiulize lolote. Hao hawajengi kitu. Lakini dawa ya hilo ni kuwafundisha kuuliza, kama alivyouliza yule binti. Anayeweza kusanifu chombo cha angani kwa vipimo sahihi ataweza kusanifu jengo, pampu au kipuri cha mashine.

Basi shime, walimu wenzangu! Ninaijua shule ambayo chumba chake cha kompyuta hufunguliwa wageni wanapokuja, kisha kufuli hurudi mlangoni. Tukifungue chumba hicho walau saa moja kila Ijumaa. Tuwape wanafunzi kazi ya kuunda kwanza mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, kikasafiri kwa tanga la mkeka. Waeleze uzito ulikaa wapi na maji yalizuiwaje. Kisha waende kwenye nyota watakazo, na kila chombo kihojiwe na darasa zima.

Daftari nimelirudisha, tena mbele ya wenzake wale wale. Mwenyewe alilipokea kwa adabu, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Tangu siku hiyo sijamwona akichora darasani. Sijui kama ni utiifu au nimemvunja moyo, na hilo ndilo linalonitia hofu.