LSAT bila michezo ya mantiki: nani hasa kapunguziwa mzigo?

Tangu Agosti 2024, LSAT, mtihani unaotumiwa na shule za sheria za Marekani kuchuja waombaji, hauna tena sehemu iliyoitwa michezo ya mantiki. Watahiniwa wengi walishangilia, na si ajabu. Katika sehemu hiyo ulipewa, kwa mfano, mashahidi sita na siku sita. Uliambiwa Asha hawezi kumtangulia Juma, na Neema lazima apangwe siku inayofuata ile ya Salum. Kisha ndani ya dakika 35 ulitakiwa umalize mafumbo manne ya namna hiyo. Aliyekutana nayo kwa mara ya kwanza alitoka jasho. Hata hivyo, hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ikifundishika kuliko zote. Kwa sababu hiyo naona kuondolewa kwake kumemweka pabaya zaidi yule aliyedhaniwa kupata nafuu: mtahiniwa asiye na fedha, aliyekulia katika lugha nyingine, anayejisomea usiku baada ya kutoka kazini.

Michezo ile ilikuwa na aina chache tu, kupanga foleni au kugawa makundi, na sentensi zake zilikuwa fupi. Ukishajua kuchora jedwali lako na kuyafupisha masharti kwa alama, kilichobaki ni mazoezi, na mitihani iliyopita ilikuwa tele. Msamiati mpana haukuhitajika. Sasa maksi zinatoka kwenye sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, pamoja na ya nne ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi. Sehemu ya hoja ina maswali kama 25 kwa dakika zile zile 35, yaani hata dakika moja na nusu kwa swali haifiki. Chukua hoja hii: kila basi lililokaguliwa lina stika; basi hili lina stika; kwa hiyo limekaguliwa. Kosa lake analiona yeyote, maana stika inaweza kubandikwa hata na utingo. Lakini kwenye mtihani kosa hilo hilo limefungwa ndani ya habari ya matumbawe au ya sheria ya hataza, kwa sentensi ya mistari mitatu yenye kukanusha mara mbili. Aliyesoma magazeti ya Kiingereza tangu utoto anaipitia mara moja. Mkongomani aliyefika Kentucky akiwa kijana, Kiingereza kikiwa lugha yake ya nne, anairudia, na dakika yake imekwisha.

Sisemi michezo irudishwe. Angelo Binno, mtahiniwa asiyeona kutoka Michigan, alidai mahakamani kwamba sehemu inayotegemea michoro inawabagua watu kama yeye, na maridhiano ya 2019 yakaibana LSAC, taasisi inayoendesha mtihani huo, itafute njia nyingine. Dai lake lilikuwa la haki. LSAC nayo inasema matokeo kwa jumla hayabadiliki kwa kuondoa michezo. Huenda ni kweli, ila wastani hautuambii nani kapanda na nani kashuka. Wawili wakibadilishana nafasi, wastani unabaki pale pale.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakili anaishi kwa kusoma, basi apimwe kusoma. Nakubali kabisa. Lakini ukikubali hilo, kubali pia kwamba kinachopimwa sasa hujengwa kwa miaka, wakati walimu wa tuisheni, wengine kwa zaidi ya dola 100 kwa saa, bado wanauza ujanja wa miezi mitatu. Maandalizi yenye faida yanachosha na hayana mvuto: maswali machache bila saa, ukiandika kwa nini kila jibu kati ya manne yasiyo sahihi limekosea kabla hujaangalia ufunguo, na kila siku makala ndefu ya fani usiyoizoea. Kufanya mtihani wenyewe kama zoezi ni hasara, kwa kuwa mtu anaruhusiwa mara tano katika miaka mitano, na saba maisha yake yote. Alama ni kati ya 120 na 180, na chache tu kati ya hizo zinaweza kuamua ufadhili wa maelfu ya dola.

Wapo wanaotaka mtihani ufutwe. Pendekezo la kuziachia shule uamuzi wa kuudai au kutoudai lilikataliwa na Baraza la Wajumbe la Chama cha Wanasheria wa Marekani Februari 2023, na nadhani walifanya vyema. Ukiuondoa, kinachobaki ni barua za mapendekezo, mafunzo kwa vitendo yasiyolipwa katika ofisi za mawakili, na insha iliyosafishwa na mshauri wa kulipwa. Hivyo vyote mtoto wa tajiri anavipata kwa simu moja; LSAT walau unaruhusu msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo.

Pa kurekebisha ni mapema zaidi, kabla ya mtihani wenyewe. Shule ya sheria ya Marekani huanza baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo ipo miaka minne ambayo vyuo vinaweza kumfundisha mwanafunzi kusoma hoja ngumu bila malipo ya ziada. Kozi ya namna hiyo iwekwe mwaka wa kwanza, hasa katika vyuo vya jamii wanakoanzia wahamiaji wengi, na iwe na maksi zinazohesabika kwenye shahada, maana anayefanya kazi zamu ya usiku hana nafasi ya somo lisilo na maksi.