Jina Ulipewa, Herufi Zake Zijaze Mwenyewe

Kila jina lililomo katika toleo hili lilichaguliwa na mtu mwingine. Juma aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, Masika kwa kuwa mvua zilikuwa zikinyesha, Shida kwa kuwa mwaka ule nyumba ilikuwa na dhiki. Yupo aliyerithi jina la bibi ambaye hakuwahi kumwona, na yupo aliyechaguliwa jina na shehe au padri. Mwenye jina hakuulizwa. Tulipowaalika wasomaji wetu wajitambulishe kwa herufi za majina yao, kila mshororo ukianza na herufi moja hadi jina lisomeke kutoka juu kwenda chini, tulikuwa tunawapa nafasi ya kujibu. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya shairi la jina, na ndiyo sababu tumelitengea toleo zima.

Wengi wamekutana na zoezi hili shuleni, siku za mwanzo za muhula, na mara nyingi lilifundishwa vibaya. Mwanafunzi huambiwa aandike jina lake wima, kisha atafute sifa moja kwa kila herufi. Utaratibu huo unatoka katika lugha ambazo sifa husimama peke yake bila kiambishi. Kiswahili hakiendi hivyo. Mtu akitaka kujisifu atakuwa mpole, mkarimu, mcheshi, mvumilivu, mwaminifu. Sifa zote zinapanga foleni nyuma ya herufi M. Zinazobaki ni zile chache zisizopokea kiambishi, na ndiyo maana kila Juma huwa Jasiri, kila Halima huwa Hodari na kila Idi huwa Imara. Ukisoma kazi za darasa zima unakutana na mtoto mmoja aliyeandikwa mara arobaini.

Sarufi yetu inatusukuma kwenye njia bora zaidi, nayo ni kuandika sentensi kamili. Mshororo unaweza kuanza na mahali, na wakati, na chombo cha kazi, na mtu aliyekulea. Tazama jina lilelile la Juma likiandikwa hivi:

Jembe la baba ndilo lililonilipia ada ya darasa la kwanza.
Usiku wa mvua huamka kabla ya wengine, bati linavuja upande wangu.
Mama huniita Babu, maana ndiye aliyenirithisha jina.
Anayenitafuta jioni aulize kwa fundi baiskeli.

Hapa hakuna sifa hata moja iliyotajwa, lakini tumeshamjua mtu. Tunajua alisomeshwa kwa jasho la nani, analala wapi, nyumbani wanamwitaje, na jioni yuko wapi. Kila kazi iliyotufikia tuliiuliza swali moja: je, ingeweza kuandikwa na mwingine mwenye jina hilohilo? Iliyoweza tuliiacha, hata kama vina vyake vilikuwa safi. Isiyoweza tuliichapisha.

Nimesikia pingamizi, na ni pingamizi zito kwa sababu limetoka katika malezi yetu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nini basi tuwafundishe vijana kujitaja? Jibu liko katika tenzi za zamani. Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa akimalizia utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akataja mwaka kwa hesabu ya Hijria, 1275, na akataja idadi ya beti zake. Hakuna anayeweza kumwita mtu wa majivuno. Alijitaja kwa unyenyekevu, kama mja anayetaraji rehema. Kutaja jina kulikuwa kukubali dhamana ya maneno yaliyotangulia. Na idadi ya beti ilimsaidia mnakili kujua kama kuna ubeti uliodondoka. Kujitambulisha kwa namna hiyo ni kuwapa wasomaji njia ya kukudai. Shairi la jina likifuata nyayo hizo, haliwi tangazo la biashara.

Pwani yetu pia inajua kwamba herufi za jina zina uzito. Katika hesabu ya abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alif ni 1, be ni 2, jim ni 3, hadi ghain ambayo ni 1000. Jina Muhammad, lenye mim mbili za 40, ha ya 8 na dal ya 4, hutimia 92. Wanajimu hujumlisha jina la mtu na la mama yake, wakagawanya kwa 12, na baki ikawaonyesha buruji yake. Katika hesabu hiyo anayesoma herufi ni mwingine, nawe unangoja kuambiwa u nani. Katika kurasa hizi msomaji wa herufi ni mwenye jina.

Hesabu hiyo inatukumbusha pia kwamba urefu wa jina hutegemea mwandiko. Muhammad ana herufi nne kwa mwandiko wa Kiarabu. Kwa herufi za Kirumi huwa Mohamed mwenye saba, au Muhammad mwenye nane. Msichana mmoja anaweza kuwa Fatma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatuma shuleni na Fatima kwenye kitambulisho, kwa kadiri ya masikio ya karani. Tofauti ya herufi moja ni tofauti ya mshororo mzima. Tena alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x, nayo c haisimami bila h. Wapi basi aende Felix, na wapi aende Alex? Baadhi ya wachangiaji waliandika jina linavyotamkwa, na Alex akageuka Aleksi, mishororo minne ikawa sita. Wengine waliishika tahajia ya cheti na kuuacha mshororo wa x wazi. Tumechapisha namna zote mbili, kwa sababu mwenye uamuzi juu ya tahajia ya jina ni mwenyewe.

Sanaa hii haikuanzia madarasani, wala si ya taifa moja. Zaburi ya 119 ina aya 176, zilizogawanywa katika mafungu 22 kwa idadi ya herufi za Kiebrania, kila fungu likiwa na aya nane zinazoanza na herufi moja. Wilhelmus, wimbo wa taifa wa Uholanzi, una beti 15, na herufi za mwanzo za beti hizo katika maandishi yake ya kale huunda jina Willem van Nassov. Ukiifungua zaburi hiyo katika Biblia ya Kiswahili, aya zote 176 zimo, lakini mpangilio wa herufi haumo. Maana huvuka mpaka wa lugha, herufi hubaki ng'ambo. Hili linatupa wajibu. Mashairi ya majina ya lugha nyingine hayatafsiriki kwa ajili yetu, kwa hiyo lazima tutunge yetu, kwa viambishi vyetu na kwa majina yetu.

Uwezo tunao. Hakuna watu waliozoea herufi za mwanzo kuliko sisi. MKUKUTA ulikuwa Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Na washairi wenyewe walipoungana katika Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama chao kikaitwa UKUTA. Tumezipa herufi za mipango na taasisi zetu umakini mkubwa. Jina la mtoto wa darasa la tatu linastahili umakini uleule.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu. Zoezi hili msiliache, lakini libadilisheni. Sifa zipigeni marufuku. Mwambieni kila mwanafunzi mshororo mmoja utaje mahali, mmoja utaje mtu, mmoja utaje kazi anayoifanya kwa mikono yake, na mmoja ueleze anachokusudia kukifanya. Mwenye jina refu ataongeza atakalo. Mwenye jina fupi atachagua. Kisha kazi hizo zisomwe kwa sauti darasani bila kutaja ya nani, wenzake wamtambue. Wakishindwa kumtambua, arudi kuandika upya. Mwalimu asahihishe tahajia. Mengine yote ni ya mtoto.