Siku tatu Bruxelles: mjumbe wa wahami aangalie nini?

Kila mwaka kuna watu wachache wa Goma, Bukavu, Beni ao Bunia wanaopata mwaliko wa kwenda Bruxelles. Mmoja ni mama kiongozi wa chama cha wanawake, mwingine ni munganga wa hospitali, mwingine anatumwa kusemea wahami wa vita mbele ya wabunge wa Ulaya. Mkutano ukiisha, tiketi ya ndege inabakiza siku mbili ao tatu, na hapo ndipo swali linatokea: aangalie nini katika mji ule? Wengi wanafuata wenzao. Wanapiga picha mbele ya Atomium, wanazunguka maduka ya rue Neuve kutafuta viatu vya watoto, jioni wanatuma picha kwa WhatsApp, na kesho yake wako uwanja wa ndege wa Zaventem.

Kupiga picha si dhambi. Lakini mtu huyu hakusafiri kama mtalii. Maombi ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu mwaka 2024, bila kuhesabu safari ya kufika mahali maombi yanapopokelewa, na bila kuhesabu majuma ya kungoja jibu. Tena, kabla hajaondoka, watu wa kambi na watu wa familia zinazopokea wahami walimpa maneno ya kupeleka. Akirudi hawatamuuliza tu kama wazungu walisikiliza. Watamuuliza aliona nini. Watu wengi sana hawatafika Bruxelles hata siku moja. Mji ule watauona kupitia kinywa chake. Kwa sababu hiyo ni lazima achague vizuri, na siku ya kwanza iende Tervuren.

Njia si ngumu. Trami namba 44 inaondoka kituo cha Montgomery, inafuata avenue de Tervueren katikati ya miti mikubwa, na inaishia karibu na mlango wa musée inayoitwa leo AfricaMuseum. Barabara yenyewe ni sehemu ya habari. Ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, wakati mfalme Léopold II alitaka Wabelgiji wapende Kongo yake. Mwaka ule Wakongomani 267 walivushwa bahari, wakajengewa vijiji ndani ya bustani ya Tervuren, na watu zaidi ya milioni moja walipita kuwaangalia wakipika, wakipiga makasia, wakikaa tu. Majira yale ya joto hayakuwa na joto. Mvua ilinyesha, baridi ikawashika, na saba kati yao walikufa. Wamezikwa pembeni ya kanisa la Tervuren, mwendo mfupi kwa miguu kutoka musée, makaburi saba yamepangwa kwa mstari.

Mtu wa kambi ya wahami anaweza kuelewa jambo hili haraka kuliko mwanafunzi wa historia. Anajua maana ya kuangaliwa. Magari yanafika, wageni wanashuka, picha zinapigwa ya mama mbele ya hema, mtoto anaambiwa asimame hapa, magari yanaondoka. Si kitu kimoja na mambo ya 1897, na hakuna anayedai hivyo. Wageni wengine wanaleta unga na dawa za kweli. Lakini mjumbe aliyesimama mbele ya makaburi yale saba ataongea kwa namna nyingine wakati mpiga picha atamwomba aonyeshe huzuni kidogo zaidi.

Ndani ya musée kwenyewe, masaa matatu hayatoshi, kwa hiyo apite haraka kwenye wanyama waliojazwa majani (watoto wa wazungu ndio wanaowapenda) na asimame kwenye ukuta wa ukumbusho. Hapo yameandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo katika miaka ya mwanzo ya ukoloni. Kwa miaka mingi hakukuwa na jina hata moja la Mkongomani. Musée ilipofunguliwa tena Desemba 2018, baada ya kutengenezwa kwa miaka mitano, msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba aliweka majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha. Jua likitoka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Hakugusa ukuta, hakuvunja kitu. Kama ratiba inaruhusu, mjumbe achague siku ya jua, ingawa Ubelgiji siku hizo ni chache.

Musée ile inahifadhi pia vitu vya mila zaidi ya 100,000, vinyago, ngoma, viti vya machifu, na vingi kati yake vilitoka Kongo. Inahifadhi mawe na ramani za udongo wa inchi, ni kusema karatasi zinazoonyesha wapi kuna madini, zilizochorwa wakati babu za wahami wa leo walikuwa bado wanalima juu ya vilima vile. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kimoja, Kakuungu cha kabila la Wasuku, lakini kwa jina la mkopo usio na mwisho. Kumkopesha mtu kitu cha babu yake ni lugha ya ajabu, hata kama imetolewa kwa tabasamu. Mjumbe anayekwenda kuongea juu ya madini ya Kivu na Ituri afadhali aone zile sanduku za vioo kabla hajaketi mezani na wabunge.

Siku ya pili inafanyika kwa miguu, ndani ya mji, na haiombi pesa yoyote. Ianzie Mont des Arts. Pale kuna ukumbi wa mikutano ambao zamani uliitwa Palais des Congrès. Tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa Kongo waliketi humo na Wabelgiji kwa ile Table Ronde. Lumumba hakuwepo siku ya kwanza, alikuwa kifungoni; ilibidi atolewe gerezani na kupandishwa ndege ndipo mazungumzo yaende mbele. Ni humo tarehe 30 Juni ilikubaliwa kuwa siku ya uhuru. Siku zile zile Grand Kallé na African Jazz walikuwa Bruxelles pia, na Indépendance Cha Cha ilizaliwa huko, katika baridi ya Januari. Wazee wengi wanaocheza wimbo ule kwenye sikukuu wanafikiri ulitungwa Léopoldville.

Kutoka hapo mtu anapanda hadi Place Royale, anapita mbele ya jumba la mfalme, anafika Place du Trône ambapo Léopold II amekaa juu ya farasi. Hakuna haja ya kukaa naye muda mrefu. Dakika chache mbele, karibu na Porte de Namur, kuna kibao chenye jina la Patrice Lumumba. Square ile ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Anayetazamia uwanja mkubwa wenye sanamu atashangaa: ni kipande kidogo cha njia, mabasi yanapita, watu wanakimbilia metro. Udogo wake wenyewe unasema kitu. Na si mbali na hapo, kwenye jumba la Egmont, tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ilirudishia familia ya Lumumba jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Familia ngapi huku mashariki hazina hata jino la kuzika?

Baada ya mambo mazito kama hayo, Matonge iko mbele ya macho, na mtu ale. Mtaa huu ulichukua jina la Matonge ya Kinshasa. Upande wa chaussée de Wavre na ndani ya Galerie d'Ixelles kuna wanaosuka nywele, duka zenye makayabo, kwanga na majani ya sombe, watu wanaosalimiana kwa Lingala na kwa Kiswahili. Kuna wajumbe wanaoona haya kwenda Matonge, wanasema hawakupanda ndege ili wakale sombe. Ni kiburi tu. Pale ndipo atakutana na watu waliotoka Uvira ao Butembo miaka 20 iliyopita, na watamweleza mambo ya karatasi, ya kazi, ya kodi ya nyumba, ambayo hakuna mkutano utamweleza. Vijana wa kambi wanaota Ulaya kila usiku. Wanahitaji mtu atakayewaletea habari ya Matonge jinsi ilivyo, pamoja na wale wanaolala watatu katika chumba kimoja.

Kuna watakaosema haya yote ni mzigo. Mtu aliyetoroka risasi, anapata siku tatu za amani, na anatumwa makaburini! Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kuitupa. Furaha nayo ni haki yake. Basi siku ya tatu iwe yake: chips za kijiji cha wazungu zenye mayonezi, chokoleti kidogo ya kupelekea watoto, viatu vya rue Neuve. Aende kucheka mbele ya Manneken Pis, kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, kirefu cha sentimita kama 55 tu, chenye nguo zaidi ya 1,000 kabatini wakati kazi yake ni kukaa uchi. Atomium inaweza kungoja safari nyingine. Ni mipira tisa ya chuma, mita 102 juu, kupanda kunalipiwa, na ni ya yale maonyesho ya 1958 ambapo Wakongomani waliwekwa tena ndani ya kijiji cha kuangaliwa, wakachoka na tabia ya watazamaji, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha.

Grand-Place, hapana, hiyo asiikose, na aende jioni wakati taa zinawaka. Kila mtu anapiga picha ya zile nyumba zenye dhahabu na kufikiri Wabelgiji walizaliwa nazo. Agosti 1695, jeshi la mfalme wa Ufaransa Louis XIV lilipiga mji kwa mabomu, na karibu nyumba zote za uwanja ule ziliungua. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara vilijenga tena katika miaka michache. Mama aliyeacha nyumba yake ikiwaka moto atapenda kusikia habari hiyo kuliko habari ya dhahabu.

Mambo madogo ya kukumbuka: musée ya Tervuren inafungwa Jumatatu, kwa hiyo asipange siku hiyo. Karibu na bunge la Ulaya, nyumba ya historia ya Ulaya inaingiwa bure, inafaa kwa saa moja ya mvua. Koti achukue hata mwezi wa Julai. Na daftari, kwa sababu simu inaweza kuzima. Akirudi, redio za huku zitamwita aeleze mkutano ulisema nini. Baada ya hayo, asome na majina ya wale saba wa Tervuren, polepole, kwa wanaosikiliza chini ya mahema: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.