Orodha ya Kukariri Haifundishi Kiingereza

Imani hii imeota mizizi madarasani kwetu: anayetaka kuvijua vitenzi vya Kiingereza vyenye vijineno nyuma, kama give up na put off, sharti akariri orodha. Mwalimu anaandika ubaoni, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Wanafunzi wananakili, wanameza, mtihani ukipita wanasahau. Naipinga njia hii kwa kuwa inawachosha watoto wenye bidii na kuwaacha bila lugha.

Chukua send off. Nani Tanzania asiyeijua sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao? Kijana aliyekula pilau ya sendofu Ijumaa, Jumamosi yuko kibanda umiza akitazama ligi ya Uingereza. Mwamuzi anachomoa kadi nyekundu, mtangazaji anatamka sent off, na kijana anaelewa papo hapo kwamba beki katolewa uwanjani. Hamchanganyi na bibi harusi hata kidogo. Kadi, filimbi na hasira za kocha vimemfundisha. Orodha ingempa maana moja tu, na akikutana na ya pili angekwama.

Zito zaidi ni mpangilio wa maneno. Redio ikipiga kelele, Mwingereza husema turn it down. Hiyo it hukaa katikati. Lakini mtoto akihitaji kuangaliwa husema look after him, na him haiingii katikati kamwe. Mkariri wa orodha anazijua maana zote mbili, ila akifungua kinywa anapanga ovyo, maana orodha haina sentensi. Aliyesoma na kusikia sentensi nyingi hupanga sawa hata kabla ya kufundishwa kanuni.

Ugumu wenyewe si wa kubuni. Mwanakamusi Mwingereza Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza mno wageni. Na kamusi hiyohiyo ilisifika kwa kuonyesha maneno yakitumika, ndani ya sentensi za waandishi.

Nitaambiwa shule za vijijini hazina vitabu wala televisheni. Kweli, nyingi hazina. Lakini ubao upo. Walimu wenzangu, chaki inayoandika vitenzi ishirini visivyo na sentensi inatosha kuandika kisa kifupi chenye vitenzi vitatu. Andikeni kisa, wanafunzi wakisome, wakisimulie kwa maneno yao, ndipo muwaulize maana.