Hajalogwa, anaumwa

Makamanda, tuongee ukweli. Dada ananawa mikono mpaka inachubuka. Kaka anarudi mara kumi kuangalia kufuli, na anajua kabisa alishalifunga. Hapa Kasulu na Kibondo majibu tunayo tayari: kalogwa, apelekwe kwa mganga. Au anadeka tu.

Hapana. Huo ni ugonjwa, unaitwa OCD. Wazo la hofu linang'ang'ania kichwani, mtu anarudia kitendo ili apate nafuu, hofu inatulia kidogo halafu inarudi. Kumwambia "acha bwana" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka. Na unatibika. Kuna dawa kama fluoksetini, na kuna tiba ya mazungumzo inayomzoesha mgonjwa kuikabili hofu hatua kwa hatua bila kurudia kile kitendo.

Sasa siasa inaingiaje? Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, lakini ukiisoma, sehemu kubwa inahusu kulazwa, kwa hiari au kwa lazima. Wengi wenye OCD hawahitaji kupelekwa Mirembe, Dodoma. Wanahitaji mtaalamu na dawa karibu na nyumbani.

Kwa hiyo mgombea akija kuomba kura, muulizeni: hospitali yetu ya wilaya ina mtaalamu wa afya ya akili? Dawa zipo mwaka mzima?

Na wewe unayesoma huku unajijua, nenda kamweleze daktari kila kitu. Si aibu, ni haki yako.